Kifua Changu na Punda Wanane

Mimi ni Dekow wa punda. Ukifika Garissa ukauliza nyumba yangu, hata askari wa pale darajani atakuonyesha kwa kidole. Niliingia mji huu na punda jike mmoja na shuka moja begani, mifugo yote ya baba yangu ikiwa imebaki mifupa huko njiani nyuma yangu. Leo nina punda wanane na mikokoteni minne, na chai inayonywewa mtaani kwetu, nusu yake imechemshwa kwa maji niliyoleta mimi. Shule sikwenda. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa maandishi ya magunia ya unga na sukari, na ndiyo sababu mpaka sasa herufi zangu ni kubwa kubwa. Nakwambia haya mapema ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kulialia.

Ninaandika kwa ajili ya ugonjwa wa kifua, TB. Sisi Wasomali tunauita qaaxo, na watu wakilitaja jina hilo huangalia pembeni. Mimi nilikuwa nao katikati ya miaka hii ya tisini, na nimepona. Wewe unayekohoa huku ukimwambia mkeo kwamba ni vumbi, kaa chini usome. Mimi pia nilisema ni vumbi.

Kwanza nikueleze punda, maana bila punda hutaelewa ujinga nilioufanya.

Punda wangu wanalala bomani kwangu, hatua kumi kutoka mlango ninaolala mimi. Uzio ni wa miiba, umezungushwa mara mbili kwa sababu ya fisi. Asubuhi, nikishatoka kuswali alfajiri, nawapitia mmoja mmoja. Nainua kwato, natoa vijiwe kwa kidole. Naangalia bega, pale mkanda wa mkokoteni unapolala, kama pamechubuka. Palipochubuka napaka oili chafu ya gari ili inzi wasitage mayai, na mkanda nauwekea kigunia kilichojazwa nyasi. Chakula chao ni majani yanayokatwa kwenye mashamba ya kando ya mto, na kiangazi kikizidi wanakula katoni za madukani. Usicheke. Punda wa Garissa anatafuna katoni ya sabuni kama wewe unavyokula mkate wa anjera. Kisha nawafunga, tunateremka mtoni, tunajaza mitungi kumi ya lita ishirini kila mkokoteni, na tunapanda ule mteremko wa mchanga kurudi mjini. Huo mteremko ndio kazi yenyewe. Punda anasukuma kwa kifua, mwenye punda anasukuma kwa mabega nyuma, na asiye na pumzi akatafute kazi ya kuuza miraa kivulini.

Mimi pumzi nilikuwa nayo. Watu walikuwa wakisimama kuniangalia.

Basi, jilaal ile, maana yake kiangazi kile kirefu kabla ya mvua za Aprili, nikaanza kukohoa. Vumbi lilikuwa jingi, kila mtu alikohoa. Wengine wakaacha, mimi nikaendelea. Jioni mwili unachemka, nikilala shuka linalowa kama nimelifua. Kikoi changu nilichokuwa nakizungusha kiunoni mara moja na kidogo kikawa kinazunguka karibu mara mbili. Nikasema ni kazi nyingi. Nikala mafuta ya nundu ya ngamia, nikanywa supu ya kichwa cha mbuzi. Vikapita tu.

Kwetu punda akichechemea tunamchoma bega kwa chuma cha moto. Mimi mwenyewe ni fundi wa kazi hiyo, watu wananiletea punda wao kutoka mitaa mingine. Nikamwambia jirani yangu anichome kifuani, alama nane, nne kila upande. Sikutoa sauti hata moja.

"Dekow," jirani akasema akirudisha chuma motoni, "punda wako wanapiga kelele kuliko wewe."

Nilifurahi sana kusikia hivyo. Nilizunguka na sifa ile wiki nzima. Kikohozi hakikuwa na habari.

Siku moja nikiwa kwenye mteremko nyuma ya Malab, huyo ni binti wa punda wangu wa kwanza na ndiye mwenye nguvu kuliko wote, nikatema na mate yakawa mekundu. Nikayafukia kwa mguu. Tangu siku ile nikawa na kazi mbili: kuleta maji na kufukia mate. Nilikohoa nyuma ya punda, nikakohoa nyuma ya choo, nikakohoa ndani ya shuka. Mke wangu Habiba ndiye anayefua mashuka.

"Baba Nasteho, hii ni nini?" akaniuliza, shuka likiwa mkononi.

"Nimejiuma ulimi."

"Juzi pia ulijiuma ulimi. Na wiki ile nyingine. Huo ulimi bado umebaki, au unazungumza na mimi kwa meno?"

Nasteho, binti yetu wa mwisho, alikuwa na miaka miwili na alikuwa amekaa mapajani mwangu akichezea ndevu zangu. Habiba alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaja akamchukua mapajani. Kesho yake asubuhi nilikwenda hospitali.

Benchi la kungojea lilikuwa limejaa. Nilipokohoa mara ya kwanza, aliyekuwa karibu nami akasogea. Mara ya pili wakasogea watatu. Kufika saa nne nilikuwa na benchi zima peke yangu kama chifu. Walinipa kikopo niteme ndani, nikaambiwa nirudi kesho na mate ya asubuhi, na kesho kutwa tena. Siku tatu za kungojea, kila siku benchi lile lile, ukuta ule ule wa rangi ya kijani nusu na nyeupe nusu. Mtu anayengojea majibu huujua ukuta kuliko aliyeupaka.

Daktari alikuwa kijana kutoka bara, ana miwani.

"Mzee, ni TB. Inatibika. Utakaa hapa miezi minne, halafu utamalizia dawa nyumbani."

"Daktari, mimi nina punda wanane."

"Mimi nina wagonjwa arobaini," akasema, akiendelea kuandika.

"Hao punda hawamjui mtu mwingine. Mimi nikikohoa tu getini, wote wanasimama."

Hapo akainua kichwa. "Wamekusikia ukikohoa tangu lini?"

Nikafahamu kwamba nimejifunga mwenyewe. Alisema mke na watoto wote waletwe wapimwe. Tulipowaleta, wote walikuwa wazima, alhamdulillahi, lakini Nasteho aliandikiwa dawa ya miezi kadhaa ya kumkinga, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilala kifuani kwangu. Kumwona mtoto wa miaka miwili akikunja uso kwa dawa iliyotoka kwenye kifua chako ni jambo ambalo sitaki ulijue. Daktari aliniambia wazi: ukimaliza dawa utapona na hutamwambukiza mtu. Ukikatisha, utamrudishia mtoto huu ugonjwa nyumbani. Nilisikia kwa masikio yangu mawili.

Tulipotoka nje nilimuuliza Habiba punda tutamwachia nani.

"Mimi."

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, ikabidi nishike ukuta. Habiba alingoja nimalize.

"Umemaliza?" akasema. "Sasa niambie yule mwenye sikio lililokatwa anauma au anapiga teke?"

"Vyote viwili."

"Kama mwenyewe basi," akasema.

Wagonjwa wa TB kwetu walikaa mahali tulipoita manyatta, nyuma ya hospitali, ndani ya uzio. Ni vibanda vya miti na mikeka kama vya wahamaji, maana waliofanya hivyo waliona kwamba mtu wa ngamia ukimlaza kwenye kitanda cha chuma chini ya dari, atatoroka siku ya pili. Kila asubuhi tulipanga mstari. Sindano ya matako, kisha konzi ya vidonge, unavimeza mbele ya Sista, unafungua mdomo, unainua ulimi aone. Sista wetu aliitwa Mwende, Mkamba, mwembamba, na mwavuli wake haukumtoka mkononi jua wala mvua.

"Inua ulimi, mzee."

"Sista, mimi ni mtu mzima, nina punda wanane."

"Wote wanane wangeinua ulimi. Inua."

Katika kibanda cha pili kutoka changu alikaa Gedi, mtu wa ngamia kutoka upande wa Hulugho, mrefu, meno ya dhahabu mawili. Watu wa ngamia wanatudharau sisi watu wa punda, hilo si siri. Siku ya kwanza tu aliniuliza nafuga nini, nikamwambia.

"Punda," akasema polepole, kama anayeonja chai isiyo na sukari. "Na maziwa yake mnakunywa?"

"Ngamia wako wako wapi sasa, Gedi?"

"Kwa ndugu yangu."

"Wangu wanapita barabarani hapo kila asubuhi. Ukitaka kuoga, maji unayoogea yameletwa na punda. Kesho oga maziwa ya ngamia tuone."

Tangu hapo tukawa marafiki, kwa maana kwamba hatukunyamaziana tena. Dawa zile zinageuza mkojo, unakuwa na rangi ya soda ya machungwa. Hawakuwa wamemwambia Gedi. Asubuhi moja alirudi kutoka chooni akiwa amekufa uso, akakaa kibandani kwake akianza kuaga watu kwa majina. Nilimwacha aage kama watu sita hivi, kisha nikamwambia hata wangu ni hivyo. Hakusema nami mpaka adhuhuri.

Sindano nazo zilifanya masikio yangu yalie kama kuna nyenje ndani. Matako yakawa magumu kama ngozi iliyokaushwa juani, nikawa nalala kifudifudi. Chakula kilinuka chuma. Nakwambia haya usije ukashtuka yakikupata. Yanapita.

Rehema zilikuwepo pia. Njia fupi ya kutoka mtoni kwenda mtaani kwetu haipiti hospitali. Habiba aliizungukia hospitali. Kila asubuhi, baada ya sindano, nilikuwa naenda kwenye uzio, na kabla jua halijawa kali naona masikio kwanza, kisha Malab, kisha Habiba nyuma yake na fimbo ambayo sikumwona akiitumia. Anasimama hatua kadhaa kutoka uzio. Mara nyingine Nasteho amekaa juu ya mitungi.

"Umekula?"

"Nimekula. Yule mwenye sikio lililokatwa?"

"Ameniuma. Nami nimemuuma."

"Habiba, umemuuma punda?"

"Sikio. Sasa tunaheshimiana." Kisha anamgusa Malab kiunoni na wanaondoka.

Mvua za gu, zile za Aprili, zikaja. Mji ukawa matope, watu wakakinga maji ya mabati, kazi ya maji ikapungua na punda wakapumzika. Mimi nikaanza kunenepa. Homa ilikwisha kabisa. Kikohozi kikabaki kidogo asubuhi, kisha hata hicho kikaondoka. Kikoi kikarudi mzunguko wake. Miezi miwili ilipotimia, sindano zikasimamishwa, tukabaki na vidonge. Nikajipima kwa kipimo chetu cha wafugaji, ambacho nimekitumia maisha yangu yote na hakijawahi kunidanganya kwa mnyama: akinyanyuka mwenyewe, akila, akikojoa vizuri, amepona, mfunge kamba apeleke mzigo. Mimi nilikuwa nanyanyuka, nakula sahani mbili, na mkojo, ukiacha rangi, ulikuwa mzuri sana.

Tena kulikuwa na kitu kingine, na nikikificha hiki basi kuandika kote ni bure. Punda waliokuwa wakipita pale kwenye uzio walikuwa wazuri. Manyoya yanang'aa, mabega hayana kidonda. Kila asubuhi niliwaangalia nikatafuta kosa, sikuliona. Hilo lilinitoboa kuliko sindano.

"Sista, mimi nimepona," nilimwambia Mwende.

"Bado miezi miwili hapa."

"Niangalie."

"Nimekuangalia. Umenenepa. Bado miezi miwili."

Usiniulize nilitokaje. Uzio ule ulikuwa wa kuzuia mbuzi. Gedi aliniona nikikunja mkeka wangu.

"Unakwenda wapi, mtu wa punda?"

"Nyumbani. Wameniruhusu."

"Wamekuruhusu wewe peke yako, alfajiri, Sista akiwa hajafika?"

"Wewe baki na ngamia wako."

"Utarudi," akasema, akajifunika shuka.

Nyumbani nilimwambia Habiba vivyo hivyo, kwamba nimeruhusiwa, kwamba daktari mwenyewe ameshangaa mwili wangu, hajawahi kuona mtu wa kupona haraka hivi. Alifurahi. Alichinja kuku. Mtoto akalala kifuani kwangu usiku ule, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwacha alale.

Kesho yake nikashika kazi. Habiba alikuwa amepunguza mitungi, minane badala ya kumi kila mkokoteni. Nikairudisha kumi. Malab alikuwa na kidonda begani tangu kabla sijalazwa, na Habiba alikuwa akimtembeza na mkokoteni wa mitungi mitupu tu miezi ile yote. Nikaangalia, nikaona pamefunga, manyoya yameota. Nikamfunga mzigo.

"Huyo hajapona vizuri," Habiba akasema.

"Nani anajua punda hapa?"

Siku ya tano bega la Malab lilifunguka, kubwa kuliko lilivyokuwa mwanzo. Siku ya nane nikaamka shuka limelowa. Siku ya tisa, kwenye mteremko, kikohozi kikarudi kama mtu aliyekwenda dukani tu. Nikafukia mate kwa mguu, na mguu wangu ulikumbuka kazi yake vizuri.

Siku ya kumi na moja, nikiwa bomani napaka Malab oili, nikaona mwavuli juu ya uzio. Sista Mwende alikuwa ametembea kutoka hospitali mpaka kwangu kwa miguu, vumbi limefika magotini. Habiba alimkaribisha, akamtandikia mkeka.

"Nimekuja kumwuliza mzee siku hizi anakunywa dawa zipi," Mwende akasema.

"Si mmemruhusu?" akauliza Habiba. "Si amepona?"

"Nani alisema?"

Punda mmoja alikuwa akitafuna katoni, na sauti ile ya kutafuna ilisikika boma zima. Mimi nikakohoa. Sikutaka. Kikohozi hakiombi ruhusa.

Habiba aliinuka. Nilidhani atapiga kelele, na nilikuwa nimeshatayarisha maneno yangu. Hakupiga. Alimwendea punda mwenye sikio lililokatwa, akamfunga mkokoteni, mkanda, kamba, kigunia cha begani, kila kitu mahali pake, haraka kuliko mimi. Akateremsha mitungi, akabakiza minne mitupu pembeni.

"Panda," akaniambia.

"Habiba, nitatembea. Nina miguu."

"Ulikuwa na miguu ya kutoroka. Panda."

"Watu wataniona."

"Waone." Akashika kamba. "Ukitaka kufa, Baba Nasteho, kufa, wewe ni mtu mzima, nitalia na nitaendelea na punda. Lakini umemletea mtoto uongo kitandani. Siku kumi na moja. Nimekuchinjia kuku."

Nikapanda. Nilikaa katikati ya mitungi mitupu, Sista Mwende akitembea upande mmoja na mwavuli wake, Habiba upande wa pili ameshika kamba, na tukapita katikati ya mji asubuhi peupe. Tukapita madukani. Tukapita soko la mbuzi, ambako kila mtu ananijua. Wenye maduka wakatoka nje.

"Dekow, leo mzigo ni wewe?"

"Warya, we Dekow, unauzwa kwa mtungi au kwa kilo?"

Nilitaka mkokoteni uvunjike. Mkokoteni haukuvunjika, kwa sababu ekseli nilifunga mimi mwenyewe. Habiba hakuharakisha wala hakupunguza mwendo. Tulipofika penye mchanga mwingi, nikaona anasukuma. Alikuwa anasukuma gurudumu kwa mkono, na mimi ndiye niliyekuwa uzito. Hapo nikaacha kuwasikia wenye maduka.

Kwenye manyatta Gedi alikuwa amekaa nje ya kibanda. Alinitazama nikiteremka mkokotenini, akatazama punda, akatazama mke wangu. Nikangoja dharau yake.

"Kamba ya mkeka wako," akasema, "uliisahau. Nimekuwekea."

Walinianzisha dawa upya. Sindano ya kwanza, siku ya kwanza, kadi mpya. Miezi niliyokuwa nimeshaila haikuhesabiwa. Hagaa yote, ile miezi ya baridi na upepo, nililala kifudifudi na nyenje masikioni, na kila asubuhi nikainua ulimi bila kuambiwa. Nasteho alipimwa tena. Siku tatu za majibu yake nilikaa benchi lile, na safari hii sikuwa na benchi zima, Habiba alikaa nami, mbali kidogo lakini benchi moja. Mtoto alikuwa mzima. Waliniambia niendelee kumshukuru Mungu na niendelee na vidonge, nami nikafanya vyote.

Habiba hakuja kwenye uzio wiki mbili za mwanzo. Alituma maziwa na chapati kwa majirani. Wiki ya tatu niliona masikio. Malab hakuwemo, alikuwa amepumzishwa.

"Bega lake?" nikauliza.

"Linafunga. Nimekataza asifungwe mpaka mvua za deyr."

"Mpaka deyr ni sawa."

"Sikukuuliza," akasema, lakini alisimama pale muda mrefu kuliko kawaida.

Mvua za deyr, zile za Oktoba, ndizo zilizonitoa manyatta. Gedi alikuwa ametoka kabla yangu, mzima, na aliondoka na lori la kwenda Hulugho akiniahidi mtoto wa ngamia nianze maisha ya kibinadamu. Namngoja bado. Mimi nikaendelea na vidonge nyumbani. Kila mwezi naenda kuchukua, Sista ananiwekea alama kwenye kadi, na kila asubuhi Habiba anasimama mbele yangu na kikombe cha maji.

"Inua ulimi."

"Habiba."

"Inua."

Jilaal nyingine ilikuwa imeshaanza siku waliyopima mate yangu mara ya mwisho. Nilitoa vikopo vitatu, nikangoja siku tatu. Yule daktari wa miwani alikuwa amehamishwa, alikuwepo mwingine. Alisoma karatasi, akasema safi, nenda. Maneno mawili tu kwa miezi yote ile. Habiba hakuridhika na mwanamume huyo, akamfuata Sista Mwende mpaka mlango wa chumba cha sindano akamwuliza kama ni kweli. Mwende akaifungua kadi, akamwonyesha alama zote, mstari hadi mstari. Habiba hajui kusoma lakini alizipitia zote kwa kidole, hakuruka hata moja.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda mtoni pamoja. Malab alifungwa, mitungi minane. Sikusema kitu juu ya kumi. Tulijaza, tukaanza kupanda ule mteremko, yeye ameshika kamba mbele, mimi nasukuma nyuma, na watu walikuwepo, wenye mikokoteni mingine wanateremka, wananisalimu, Dekow amerudi, Dekow wa punda. Nikasukuma kwa nguvu kwa sababu walikuwa wanaangalia. Katikati ya mteremko pumzi ikaniishia. Kifua kimepona lakini si kile cha zamani, sehemu yake iliungua na haitaota tena, hilo waliniambia.

Zamani ningesukuma mpaka nianguke. Au ningejifanya naangalia gurudumu.

"Habiba," nikaita. "Simama. Nipumzike kidogo."

Nilisema kwa sauti. Wale wa mkokoteni uliokuwa ukiteremka walisikia, na mmoja akageuka kunitazama. Habiba akamsimamisha Malab, akatia jiwe nyuma ya gurudumu, akaja akakaa kwenye mchanga karibu yangu. Tukawaangalia wengine wakipita.

"Sema ukiwa tayari," akasema.

Nikavuta pumzi mpaka ilipofika. Sikukohoa. Nikavuta nyingine.

"Tayari," nikasema, na akaondoa jiwe.